Masafa, Saa na Siku: Safari ya Ndege baina ya Singapore na New York

Somo hili lamhusu kila mwenye kusafiri, na khasa yule apandaye ndege kwenda nchi ya mbali na huku ataka kuilinda sala yake na saumu yake. Watu huuliza maswali mawili kana kwamba ni moja: Je, kuna masafa gani? Na je, ni safari ya saa ngapi? Hayo ni mambo mbali mbali, na kila moja lina hisabu yake. Tena liko la tatu ambalo halimjii mtu ila amekwisha kaa kitini na mlango umefungwa: Huko aendako atashuka siku gani? Hili la tatu ndilo lenye kumtia mtu shaka katika ibada yake. Kwani huenda akaondoka usiku wa kuamkia Ijumaa, akaona jua likichomoza na kuchwa, akalala, kisha akashuka asubuhi akaambiwa kuwa ndiyo kwanza Ijumaa yaanza. Na huenda akaondoka usiku wa Alhamisi akashuka alfajiri ya Jumamosi, asijue Ijumaa yake imekwenda wapi.

Kwa kulifafanua jambo hili na uchukuliwe mfano mmoja wa kweli, nao ni safari ya kutoka uwanja wa Changi ulioko Singapore mpaka uwanja wa John F. Kennedy ulioko New York. Safari hii ni katika zilizo ndefu kabisa miongoni mwa safari za abiria zisizotua njiani. Shirika la Singapore Airlines lilianza kuziunganisha nchi hizi mbili bila kutua mwaka 2004, likishukia Newark, mji ulio jirani na New York, kwa ndege ya mashine nne. Nayo yalikoma mwaka 2013, kwa kuwa mafuta yalikuwa ghali na mashine nne zikinywa mno. Yakarudi mwezi wa Oktoba 2018 kwa ndege ya mashine mbili, Airbus A350 iliyotengenezwa makusudi kwa safari za mbali, na mwezi wa Novemba 2020 ikaanzishwa ya kwenda kwenye uwanja wa Kennedy wenyewe.

JUU YA MASAFA

Atazamaye ramani iliyotundikwa ukutani huona Singapore iko mkono wa kulia na New York iko mkono wa kushoto, akadhani njia iliyo fupi ni kuunyosha mstari kwa rula. Ramani hiyo imemdanganya, walakini si kwa khiana. Ni kwa sababu kitu cha mviringo hakilaziki juu ya karatasi ila kwa kuvutwa na kupanuliwa. Mwanafunzi na achukue chungwa. Kikonyo chake akifanye ncha ya kaskazini ya dunia. Apige alama moja kwenye tumbo la chungwa, hapo pana Mstari wa Istiwai, yaani Ikweta. Hiyo ndiyo Singapore, kwani iko daraja moja na kitu tu kaskazini ya mstari huo. Kisha aligeuze chungwa upande wake wa pili, na apige alama nyingine karibu na nusu ya njia ya kutoka tumboni kwenda kwenye kikonyo; hiyo ndiyo New York, iliyo kwenye daraja ya 41. Sasa na aufunge uzi kutoka alama hii mpaka hii, na auvute ukaze. Ataona uzi haupiti tumboni. Wapanda juu, ukapita ubavuni mwa kikonyo, ukateremka upande wa pili.

Ndivyo ilivyo katika dunia yenyewe. Miji hii miwili yakaribia kukabiliana, mmoja upande huu wa ncha ya kaskazini na wa pili upande ule, kwa kuwa baina yao mna daraja 178 katika zile 360 za kuizunguka dunia. Njia iliyo fupi kupita zote hupita karibu na ncha yenyewe, kwa umbali usiozidi kilomita 300.

Na kwa kuwa ni hivyo, hisabu yake yawezekana kwa kalamu na kipande cha karatasi. Kutoka Singapore mpaka kwenye ncha ni daraja 89. Kutoka kwenye ncha mpaka New York ni daraja 49. Jumla ni 138. Kila daraja moja ya duara kubwa la dunia ni maili za baharini 60, basi 138 mara 60 ni maili 8,280. Maili moja ya baharini ni mita 1,852, kwa hivyo masafa yote ni kilomita 15,335, kasoro chache au zaidi chache. Lau mtu angalishika njia ya Ikweta akaenda mashariki moja kwa moja hata akafika chini ya New York, kisha akageuka kaskazini, angalitembea zaidi ya kilomita 24,000.

Elimu hii si ngeni kwa Waislamu. Khalifa al-Maamun, aliyetawala Baghdad tangu 813 hata 833, aliwatuma wanavyuoni wa falaki kwenye uwanda wa Sinjar, wakapima kwa kamba masafa ya kwenda kaskazini hata kimo cha nyota kilipogeuka kwa daraja moja, wakapata maili 56 na theluthi mbili kwa maili ya Waarabu. Naye Abu Rayhan al-Biruni alitunga kitabu kizima juu ya kuijua mipaka ya miji na masafa yaliyo baina yao, na moja katika haja zake ilikuwa ni kuipata kibla ya Ghazna. Kwani kibla na njia ya ndege ni hisabu moja. Mkaazi wa New York akitazama ramani ya ukutani huiona Makka iko kusini mashariki yake, kwa sababu Makka iko kwenye daraja ya 21 na yeye yuko kwenye ya 41. Lakini akiuvuta uzi juu ya chungwa ataona wanyoka kaskazini mashariki, kiasi cha daraja 58 kutoka kaskazini ya sawasawa. Liko jambo hili lililowagawa watu misikitini katika nchi za Marekani ya Kaskazini, na mzizi wake si mwingine ila kwamba mmoja ashika karatasi na mwenziwe ashika tufe.

JUU YA SAA ZA NJIANI

Ndege kubwa ya abiria ikiwa juu huenda kiasi cha kilomita 900 kwa saa. Ukizigawanya 15,335 kwa 900 wapata saa 17 na dakika mbili. Hata hivyo tikiti huandikwa zaidi ya saa 18. Je, saa hiyo moja na zaidi imetoka wapi?

Sehemu yake moja ni ya viwanjani, kwani saa huhisabiwa tangu ndege iondokapo mahali ilipofungwa mpaka ifungwapo tena, na huko nyuma na mbele hutambaa chini kama gari. Sehemu nyingine ni kupanda na kushuka, maana hapo mwendo ni mdogo. Walakini sababu kubwa ni kwamba ndege haiifuati njia ya uzi. Pale karibu na ncha viwanja vya kukimbilia wakati wa dharura ni vichache, na baridi ya huko juu ni kali hata mafuta yenyewe yachungwa yasigande. Yale yanayotumiwa sana huanza kuganda kwenye baridi ya digrii 47 chini ya sifuri. Tena kuna upepo.

Watu wa pwani hawana haja ya kufundishwa upepo. Hapana nahodha aliyetweka tanga kutoka Lamu kwenda Maskati katika kaskazi, ijapokuwa bahari ni ile ile na masafa ni yale yale. Alingoja kusi, na kungoja kwake ndiko kuliko mfikisha upesi. Huko juu, kiasi cha kilomita kumi kutoka ardhini, mna pepo zenye nguvu zivumazo kutoka magharibi kwenda mashariki, na wakati wa baridi huzidi ukali. Kwa ajili hiyo rubani wa ndege itokayo Singapore mara nyingi huiacha njia iliyo fupi, akaelekea pande za Japani, akaikata Bahari ya Pasifiki juu juu, akapita karibu na Alaska, akateremka juu ya Kanada. Masafa yamezidi, na saa zimepungua. Ikichukuliwa kuwa njia hiyo ina kilomita 16,500 na upepo wamsukuma kwa kilomita 100 kila saa, atafika kwa saa 16 na nusu. Na lau angalishika njia fupi pasipo upepo angalichukua zile 17. Basi ajibuye swali la saa kwa kugawanya masafa peke yake amejibu nusu ya swali. Na ndiyo maana safari ya kwenda na ya kurudi, baina ya viwanja vile vile viwili, hazilingani kwa saa.

Ndege hii huweza kuchukua mafuta lita 165,000, ambayo uzito wake ni kama tani 130. Mafuta ya mwanzo huchomwa kwa kuyabeba mafuta ya mwisho; kila saa iongezwayo yaongeza mzigo, na mzigo waongeza ulaji. Kwa sababu hiyo abiria wapunguzwa, na ndege ambayo kwa safari za kadiri yaweza kuchukua watu zaidi ya 300 hapa imetiwa viti 161 tu.

Hapa pana mas'ala ya fiqhi yaliyo bora kuliko hayo ya mafuta. Kupunguza sala kumefungamana na masafa ya marhala mbili, ambayo wengi wayakadiria kuwa kilomita 80 na kitu hata 90. Kwa mguu au kwa ngamia hiyo ilikuwa ni kazi ya siku mbili. Ndege huimaliza kwa dakika sita. Wako wasemao kwamba rukhsa ilikuja kwa ajili ya taabu na urefu wa siku, na kwa kuwa siku hazipo basi na rukhsa haipo. Imam an-Nawawi, aliyefariki 1277, alikwisha likata neno hilo katika Minhaji kabla ya kuwapo mashine yoyote: alihukumu kuwa baharini na nchi kavu ni sawa, na kwamba hata yule ambaye chombo chake kinayamaliza masafa hayo kwa muda wa saa moja, sala yake aipunguza. Kinachopimwa ni masafa, si muda. Basi abiria wa Singapore, akiwa amekwisha utoka mji, ni msafiri kwa kila hali, ijapokuwa amekaa juu ya kiti laini na kuletewa chai.

JUU YA SIKU

Na iwe ni mwezi wa Septemba, wakati usiku na mchana ni sawa, na ndege iondoke Changi saa sita ya usiku wa kuamkia Ijumaa. Katika majira hayo saa ya New York iko nyuma ya saa ya Singapore kwa saa kumi na mbili kamili, hata mwenye saa ya mkononi hana haja ya kuigeuza mishale. Hugeuka maana yake tu, usiku ukawa mchana. (Tangu Novemba hata Machi tafauti ni saa kumi na tatu.) Ndege ikienda saa 18, itatua wakati Singapore ni saa kumi na mbili ya jioni ya Ijumaa. New York nako ni saa kumi na mbili ya asubuhi ya Ijumaa hiyo hiyo. Kwa mtu atazamaye karatasi, abiria ametumia saa sita.

Lakini jua halitazami karatasi. Msafiri akienda mashariki alikimbilia jua, nalo humjia mapema. Baada ya kama saa nne za mwendo, pande za kusini ya Japani, alfajiri humdhihirikia, na saa moja baadaye jua likachomoza. Baada ya saa nane na nusu hivi jua limempitia utosini, naye yu katikati ya Pasifiki. Ikifika saa ya kumi na mbili ya safari, karibu na pwani ya Alaska, jua limekuchwa. Mchana wake wote umekuwa wa saa saba. Kisha humwingilia usiku wa saa tano hivi, na kabla ya kutua New York alfajiri nyingine imekwisha pambazuka.

Basi huyu katika saa 18 amekutana na sala sita: Alfajiri, Adhuhuri, Alasiri, Magharibi, Isha, na Alfajiri ya pili. Mwenye kusali kwa saa yake ya Singapore atasali Adhuhuri baada ya jua la huku juu kukuchwa, na Alasiri usiku wa manane, na Alfajiri ya pili ataiacha kwa kudhani kuwa amekwisha isali. Na mwenye kusali kwa saa ya New York ndiye mbaya zaidi, kwani kwa saa hiyo sehemu kubwa ya mchana wake ilikuwa ni usiku. Wakati wa sala ni wa mahali alipo mtu, kwa alama za mbingu iliyo juu yake. Dirisha lamtosha, na ramani ya safari, ile iliyo kwenye kioo mbele ya kiti, humsaidia.

Na afungaye vile vile. Saumu ya mchana huu wa saa saba ni saumu timamu ikiwa alitia nia yake usiku na akafungua kwa kuchwa kwa jua alionalo yeye, si kwa jua la watu walio chini. Kwani aliye juu huliona jua baada ya waliopo ardhini kulikosa; kwa kimo cha kilomita kumi na moja hucheleweshwa kama robo saa au zaidi. Dubai mwaka 2011 walifutu kwa jambo dogo kuliko hilo: wakaao juu ya ghorofa ya 80 katika mnara wa Burj Khalifa wangoje dakika mbili baada ya wenzao wa chini, na walio juu ya ghorofa ya 150 wangoje tatu. Ama aelekeaye magharibi, mambo humgeukia. Kwenye daraja ya 60 ya kaskazini dunia huzunguka kwa kilomita 835 kila saa, nayo ndege ina zaidi ya hizo. Akiwa mtu aenda magharibi huko, jua lasimama mahali pamoja wala halichwi mpaka ndege igeuze njia. Huyo ana rukhsa ya msafiri ya kula na kulipa, na wala asione haya kuitumia.

Sasa ni ile Ijumaa. Watu waliafikiana katika mkutano wa Washington wa mwaka 1884 kuanzia hisabu Greenwich, na upande wa pili wa dunia, katikati ya Pasifiki, ndipo tarehe hugeuka. Msafiri huyu aliona jua likichomoza siku ya Ijumaa. Akaukata mstari huo karibu na Adhuhuri, na jua lile lile likamchwea ikiwa ni Alhamisi. Kwa hivyo Magharibi yake ilimtia katika usiku wa Ijumaa kwa mara ya pili, na mwenye mazoea ya kuisoma Suratul Kahf katika usiku huo ataisoma mara mbili kwa juma moja. Si uchawi wala si kosa la kalenda. Abul-Fida, mwanajiografia wa Sham aliyefariki 1331, aliyaeleza haya: watu watatu, mmoja azunguka dunia kwa mashariki, mmoja kwa magharibi, na wa tatu akaa mahali pake, wakikutana tena watakhitilafiana katika hisabu ya siku, kila mmoja na hisabu yake. Miaka karibu mia mbili baadaye, mwaka 1522, mabaharia waliobaki katika msafara wa Magellan walipoizunguka dunia kwa njia ya magharibi walifika visiwa vya Cape Verde wakidhani ni Jumatano, wakaambiwa ni Alhamisi.

Suali: Je, msafiri huyu yampasa sala ya Ijumaa gani? Jawabu: Ile ya Singapore haikumpasa, kwa kuwa alitoka kabla ya alfajiri yake, sala aliyoisali juu ya Pasifiki ni Adhuhuri ya msafiri. Ya New York, kwa madhehebu ya Imam Shafi, itampasa akiwa amenuia kukaa huko siku nne kamili, mbali na ya kuingia na ya kutoka. Asiponuia hivyo hailazimu. Na akihudhuria akaisali, yamtosha badala ya Adhuhuri.

Suali: Na arudiye? Ndege yaondoka New York usiku wa Alhamisi saa 4.20, yachukua saa 18 na dakika 40, na kwa kuongeza tafauti ya saa kumi na mbili yatua Singapore saa 11 ya alfajiri ya Jumamosi. Jawabu: Ikishika njia ya Atlantiki, jua la Ijumaa atalipata njiani, nalo ni la saa chache, atasali Adhuhuri rakaa mbili mahali alipo, na akitaka ataijumuisha na Alasiri. Sala ya Ijumaa haisimami ndani ya ndege, kwani sharti lake ni kusimamishwa katika majengo ya mji na wenyeji wake. Wala hana ya kuilipa, kwa kuwa aliondoka kabla ya alfajiri ya siku hiyo naye ni msafiri tangu hapo mpaka atakaposhuka Changi, ambako waadhini wa Jumamosi wakaribia kuadhini.